Bonde Lisilo na Barabara

Sogeeni kidogo, nafasi ipo. Mtu ninayetaka kuwasimulia hakuwa mtu wa kupaza sauti, kwa hiyo na habari zake hazitaki kelele.

Mtaani tulimwita Dada Brashi. Kazi yake ilikuwa kuchora vibao. Siku hizo ukiingia mjini kwetu, karibu kila ulichokisoma kilitoka mkononi mwake: duka la nyama na ng'ombe wake anayecheka kana kwamba hajui ndani kuna nini, kinyozi na vichwa vilivyonyolewa mitindo ambayo hakuna mteja aliyewahi kuiomba, zahanati, fundi saa, hata lile onyo la nyuma ya soko la kukataza watu kukojoa ukutani. Lile aliliandika kwa herufi nzuri mno, mpaka watu waliona haya kulidharau.

Mji wenyewe uko chini kabisa bondeni. Simama katikati ya soko ujizungushe, utaona mlima, halafu mlima, halafu mlima, mpaka urudi ulipoanzia. Jua kwetu huchelewa kufika na huwahi kuondoka, kama mgeni asiyependa chai ya nyumba aliyotembelea. Barabara ya kutoka ni moja. Inapanda kona kwa kona, inapotelea kwenye ukungu, na wanaotoka hutoka nayo. Dada Brashi hakuwahi kuipita. Mwisho wake ulikuwa kona ya kwanza. Siku moja alipandishwa pale kuchora kibao cha kuwaonya madereva kwamba mbele kuna hatari. Alikichora kikapendeza, akafunga makopo yake, akashuka.

Si kwamba kuna mtu aliyemfunga kamba. Mama yao alifariki yeye akiwa msichana bado, na mdogo wake wa kiume hajui hata kufunga viatu. Baba alikuwa dereva wa lori. Anaondoka Jumatatu, anarudi Ijumaa ananuka dizeli na machungwa ya ng'ambo. Nani abaki na mtoto? Akabaki. Mtoto akakua, akaoa, akahamia upande wa pili wa mto. Dada Brashi akaanza kujiuliza kama sasa zamu yake imefika. Ndipo baba akaanguka.

Na msidhani alianguka na lori. Zile kona za mlimani Dereva alizipita maisha yake yote bila kukwaruza hata taa. Aliyemwangusha ni kipande cha sabuni, bafuni kwake. Nyonga ikavunjika, ikaunga vibaya, na tangu hapo miguu ikawa kama ya kuazima: akishikwa anasogea, asiposhikwa hasogei. Alijisikitikia, kisha akajicheka.

"Waambieni wenzangu wa stendi," alikuwa akisema, "nimepata ajali sina nguo, na gari halina kosa."

Chumba chake kilikuwa cha mbele. Kitanda cha chuma, meza ya dawa, redio, na kile kiti cha mbao kilichotobolewa katikati kwa ajili ya haja. Mlango ulikuwa nyuma ya kichwa chake, na shingo nayo ilikuwa imekaza, kwa hiyo aliomba agongelewe ukutani, karibu na mto, kioo cha pembeni cha lori lake la zamani. Mtu akiingia, Dereva hageuki. Anamtazama kwenye kioo. "Naona unanipita kulia," anasema, "washa taa basi."

Na mbele yake kulikuwa na dirisha. Dirisha lile ndilo lililomweka hai. Aliona mto, mashamba, mlima wa magharibi, na barabara ikipanda ubavuni mwake kama mshono wa shati. Malori aliyajua kwa mngurumo. "Huyo anapanda na gia ya tatu, mjinga huyo," angesema, na kweli, baada ya muda ungesikia injini inakohoa.

Kisha jirani akajenga. Tangu siku hiyo jina lake likawa Ghorofa. Ukuta wake ulisogea mpaka mtu aliyeketi kitandani kwa Dereva angeweza kunyoosha mkono dirishani akaugusa. Mvua ikinyesha, maji ya bati la Ghorofa yanarukia shuka. Yule mdogo wake Dada Brashi, ambaye mtaani ni Meya kwa kupenda kuzungumza mikutanoni, maana cheo hana, alikuja na fundi. Wakaziba dirisha kwa tofali na plasta. Meya akatoa hotuba fupi kuhusu unyevunyevu na afya, akanywa chai, akavuka mto.

Chumba kikawa sanduku, na Dada Brashi akawa wa kuingia na kutoka ndani ya sanduku. Asubuhi amwinue baba, amwoshe, amketishe kwenye kile kiti, amrudishe, ampe dawa. Mchana ashuke kwenye ngazi, rangi ikiwa bado mbichi kwenye herufi, akimbie nyumbani kumgeuza asije akapata vidonda. Wenye maduka walimzoea. Ungekuta kibao kimeandikwa "Duka la Vi" na watu wanapita wakikisia. Vitabu? Viatu? "Subirini," muuzaji anasema, "amekwenda kumgeuza mzee."

Sasa, karibu na mwanzo wa mwezi, Mkandarasi alimkuta Dada Brashi chini ya kibao cha mfua vyuma. Huyu Mkandarasi alikuwa mtu wa ng'ambo ya milima, aliyekuwa akija kwetu kununua mbao.

"Nimepata kazi ya stendi kubwa mpya," akamwambia. "Vibao vyote, kuta zote. Mwaka mzima, pengine na zaidi. Nataka mkono wako."

"Mkono wangu una mzee nyumbani."

"Najua. Una mdogo wako pia. Jumamosi ya mwisho wa mwezi, asubuhi, nitapita na pikapu. Nitapiga honi hapo kwenu. Ukitoka, umetoka. Usipotoka, nitajua, wala sitakuuliza tena."

Dada Brashi akasema atafikiri. Uongo mtupu. Alikuwa ameshakubali kabla yule bwana hajafunga mdomo. Usiku huo alimvua baba soksi, akahisi moyo unampiga kama mtu aliyeiba. Kilichobaki ni kusema tu. Kumwambia baba: naondoka. Neno moja.

Neno hilo likawa zito kuliko gunia. Alilifanyia mazoezi juu ya ngazi. Alimwambia ng'ombe wa duka la nyama, huku akimrudishia rangi ya pembe, na ng'ombe akalipokea kwa kucheka. Lakini akifika nyumbani:

"Baba."

"Naam, mama."

Hivyo ndivyo alivyomwita, mama, tangu mama yao alipofariki.

"Nilikuwa nataka kukuambia..."

"Niambie."

"Supu imeshapoa. Nikupashie?"

Siku chache zilipita hivyo, supu inapashwa mpaka inachoka. Na jioni moja Dereva mwenyewe ndiye aliyeanza.

"Mama, nichoree bonde. Hapo lilipokuwa dirisha. Nimechoka kutazama plasta ya Meya."

Dada Brashi alifurahi, na kufurahi kwake kulikuwa na sababu. Alijiambia: hii ndiyo njia. Nitamchorea bonde lake, awe na kitu cha kutazama nikiwa sipo. Siku ya kuweka brashi chini, siku hiyohiyo nasema.

Akaanza. Kila mwenye kazi ana ugonjwa wa kazi yake, na mchora vibao ugonjwa wake ni uzi wa chaki. Kabla hajagusa rangi, anaupaka uzi chaki, anauvuta kutoka upande hadi upande, anaubana na kuuachia kama uzi wa gitaa, tap, na mstari ulionyooka unabaki ukutani. Mstari wa juu, mstari wa chini, na katikati ya mistari hiyo panaachwa wazi, maana hapo ndipo herufi zitakapokaa. Dada Brashi alipiga mistari yake ukutani kwa baba bila hata kufikiri.

Dereva akaangua kicheko. "Utaandika nini hapo? Tunauza nyama?"

"Mkono umezoea, baba." Akaifuta kwa kitambaa.

Likawa bonde zuri, la kuwekwa kwenye kalenda. Mbingu ya buluu, milima ya kijani iliyokaa kwa adabu, mto unaotiririka kama umepigwa pasi. Dereva aliamrisha, binti akachora. Na hapa nataka msikilize vizuri, maana Dada Brashi mwenyewe hakusikia.

"Umesahau daraja."

Akachora daraja.

"Daraja bila watu? Weka watu."

Akaweka watu.

"Yule mwenye kofia ni nani? Hapana, mfute, mweke mwanamke na mbuzi. Mbuzi wawe wengi. Na ule mti wa pale, majani yake yanaonekana moja moja asubuhi. Yachore moja moja."

"Moja moja, baba?"

"Haraka ya nini? Unakwenda wapi?"

Aliuliza hivyo, unakwenda wapi, akitazama ukuta. Dada Brashi akachovya brashi ndogo akachora jani, na jani jingine. Jumamosi moja ikapita, na nyingine. Bonde halikwisha. Kila likikaribia kwisha, Dereva alikumbuka kibanda, au uzio, au kuku. Na Dada Brashi alikuwa amejifunga kwa ahadi yake mwenyewe, kwamba hasemi mpaka liishe.

Alhamisi ya wiki ile ya mwisho, kabla ya saa sita, alikwenda duka la rangi kutafuta kijani kwa ajili ya majani. Akamkuta Mkandarasi anachagua brashi.

"Keshokutwa, basi," Mkandarasi akasema. "Mzee anasemaje?"

"Sijamwambia bado."

Mkandarasi akamtazama. "Bado? Mimi nilimwambia."

"Lini?"

"Siku nilipokuambia wewe. Nilipita kumsalimu kwanza, wewe uko kazini. Alinibeba sana kwenye lori lake nikiwa kijana, nikaona si heshima kukuchukua kimyakimya. Alisema, sawa, tutaona."

Dada Brashi aliweka kile kikopo cha kijani mezani kwa muuzaji taratibu, kama kitu chenye maji ya moto. Alikuwa anarudi nyuma kichwani. Siku ile. Na baada ya siku chache, nichoree bonde. Kisha daraja. Kisha mbuzi. Kisha majani, moja moja, haraka ya nini, unakwenda wapi.

"Unachukua au huchukui?" muuzaji akauliza.

"Sichukui."

Alipita kwenye kibanda chake cha kazi. Pale kulikuwa na makopo ya masalio: wekundu wa duka la nyama, weusi wa mziba pancha, njano kali ya vibao vya hatari, na zambarau ambayo mwenye saluni aliiagiza kisha akaikana. Aliyabeba yote. Tulimwona akipita, hakuna aliyesalimiwa.

Dereva alimwona kwenye kioo. "Umewahi leo. Kijani umepata?"

Dada Brashi akaweka makopo chini. Alimgeuza kwanza, kwa sababu ilikuwa saa ya kumgeuza, akamwekea mto mgongoni, akamnyooshea shuka. Mikono yake ilikuwa laini kama siku zote. Kisha akachukua brashi ya kupakia kuta, ile pana, akaichovya kwenye weusi.

Mlima wa magharibi ndio ulioanza. Aliupaka juu ya kijani chote kile cha adabu, akaupandisha mpaka karibu na dari, na alipofika juu hakuurudisha nyuma kama milima inavyokaa. Aliuinamisha mbele. Mlima wa mashariki akaupa zambarau, nao akauinamisha, ikawa ile miwili inakaribia kugongana vichwa juu ya kitanda. Mbingu iliyobaki katikati ilikuwa upenyo tu, akaijaza njano ya hatari. Mto akaupaka wekundu wa nyama. Nyumba za mji akazipiga kwa ncha ya brashi, zimebanana, zimelala upande, kila moja imeegemea nyingine kama watu wanaosukumana mlangoni. Mbuzi wakaenda. Daraja likaenda. Yale majani ya moja moja yakaenda kwa pigo moja.

"Mama," Dereva akasema. "Unafanya nini?"

Yeye anapaka tu.

"Mama, mlima haukai hivyo."

"Kwangu unakaa hivyo."

Dereva hakuwa na pa kwenda. Mtu mwingine angetoka nje kwenda kuvuta hewa. Yeye alikuwa amelala pale, na ule mlima mweusi unakuja kwake pigo kwa pigo, na harufu ya rangi imejaa chumba kisicho na dirisha. Akafumba macho. Akayafumbua. Alijaribu kutazama kioo chake cha pembeni, lakini humo aliona mlango tu.

Jua lilikuwa limeshavuka mlima, ndiyo kusema ilikuwa bado mchana kwa watu wa mahali pengine, alipoweka brashi chini. Akakaa kwenye kile kiti cha haja, kimefunikwa kifuniko chake, kwa sababu kingine hakikuwapo. Mikono imetapakaa rangi mpaka viwikoni.

Walitazama ukuta wote wawili.

"Na mimi nilale humu?" Dereva akauliza.

"Mimi nimelala humu miaka yote, baba."

Upande wa pili wa ukuta mtu wa Ghorofa alikuwa akikokota meza.

"Barabara haimo," akasema Dereva.

"Sijui inavyokwenda. Najua kona ya kwanza tu."

"Na hapo?" Alinyoosha kidole. "Hapo umeacha nini?"

Dada Brashi akatazama. Katikati ya bonde, kutoka upande hadi upande, kulikuwa na mkanda mtupu. Weusi ulishuka ukakoma juu yake, wekundu ulipanda ukakoma chini yake, na katikati plasta ya Meya ilikuwa nyeupe kama ilivyokuwa, maana hata bonde la kwanza lilipaacha, na wote wawili walidhani ni ukungu. Hakupiga uzi siku ile. Uzi ulikuwa mfukoni. Mkono wenyewe ndio ulioacha, kwa mazoea, kama unavyoacha kila siku.

"Ni mahali pa maneno," akasema.

"Basi sema."

Na hapo, jamani, hapakuwa na supu ya kupasha.

"Jumamosi naondoka, baba. Mkandarasi anakuja kunichukua."

"Najua."

"Najua unajua."

Dereva alishika ukingo wa shuka akaukunja, akaukunjua. "Nilidhani ukichelewa kidogo tu," akasema. "Pikapu ikishapita, ungekasirika wiki mbili, kisha tungeendelea."

"Tungeendelea na kuku."

"Na kuku, ndiyo. Kuku nilikuwa bado sijawataja wote."

Dada Brashi karibu acheke, lakini hakucheka. "Ungeniomba nibaki, baba."

"Ningekuomba, ungebaki."

"Ningebaki."

"Sasa mtu mzima anaombaje kitu kama hicho?" Akageukia kioo, akawa anautazama mlango. "Nipe maji."

Akampa maji. Siku ile hawakusemezana zaidi.

Ijumaa Meya aliitwa avuke mto. Alikuja na mkewe. Alisimama mlangoni mwa chumba, akauona ukuta, na kwa mara ya kwanza tangu tumjue hotuba ikamkwama.

"Dada," akasema baadaye, "hii ni nini?"

"Bonde."

"Bonde gani hili? Wageni wakija tutasema nini? Nitaleta chokaa."

"Hakuna chokaa," akasema Dereva kutoka kitandani.

Meya akaeleza kwamba mzee atahamia kwake, chumba kipo, atabebwa na vijana wa nguvu. Dereva akasema yeye hapitishwi darajani mchana kweupe akibebwa kama godoro, na halali nyumbani kwa mkwe wake huku yeye ndiye wa kuogeshwa. Meya akaanza upya kutoka mwanzo. Ndipo Wifi, mke wa Meya, ambaye alikuwa kimya akihesabu kwa macho vyombo vya jikoni, akamkata:

"Basi sisi ndio tunahamia hapa. Baba anabaki na kitanda chake. Na wewe, mume wangu, sebule ya hapa ni kubwa, hotuba zitapata nafasi." Akamgeukia Dada Brashi. "Wifi, nionyeshe anavyogeuzwa."

Akamwonyesha. Mkono wa kushoto chini ya bega, wa kulia chini ya goti lililo zima, usimvute, mviringishe. Wifi alijaribu, Dereva akalalamika kwamba anageuzwa kama chapati, Wifi akasema chapati hailalamiki. Ikaonekana itawezekana. Dada Brashi alisimama kando akitazama mikono ya mtu mwingine ikifanya kazi yake, na akashangaa kuona kwamba kifua hakikuwa chepesi hata kidogo. Alikuwa amedhani kitakuwa chepesi.

Jumamosi ukungu ulikuwa chini kabisa, mpaka Ghorofa mwenyewe hakuonekana. Dada Brashi alimwosha baba mapema, akamnyoa, akamvika shati la kola. Begi lake lilikuwa mlangoni, na kando yake sanduku la brashi. Baba hakuwa amesema naye tangu alfajiri isipokuwa ndiyo na hapana.

Honi ikapigwa.

Alisimama nyuma ya kitanda, hapo anapoonekana kwenye kioo. "Baba, wananiita."

Dereva hakugeuka. Alikuwa akitazama ule mlima mweusi.

"Ile kona ya kwanza unaijua," akasema.

"Naijua."

"Inayofuata inaitwa Kona ya Mkwe. Tuliipa jina hilo kwa sababu hakuna anayeipita bila kuinama na kwenda polepole. Mwambie apunguze mapema, asingoje aione."

"Nitamwambia."

"Halafu Kona ya Sabuni. Hiyo ina maji mwaka mzima. Usitazame chini, tazama upande wa mwamba. Ukiona mwamba umekuwa mwekundu, ujue umemaliza. Kisha ni kona ndogondogo, hazina jina, utasikia kichefuchefu, fungua kioo. Ya mwisho ni Kona ya Ahsante." Honi ikapigwa tena, fupi. "Pale kila dereva husema ahsante, hata asiye na adabu. Ukifika useme."

"Nitasema, baba."

"Haya. Utamchelewesha mwenzio."

Alimshika begani, kisha akatoka. Wifi ananiambia kwamba Dereva alikaza macho kwenye kile kioo chake, akamtazama binti akipungua: mlangoni, ukumbini, kwenye mlango wa nje, mpaka kioo kikabaki na ukungu tu. Wala hata hapo hakukiacha. Alikuwa bado anakitazama Wifi alipoleta chai, na chai ikapoa.

Huko ng'ambo, nasikia, Dada Brashi alilala kwanza kwenye chumba cha wajenzi kisicho na dirisha, na wiki nzima alikuwa akiamka usiku ili amgeuze mtu ambaye hayupo. Lakini alikaa. Na huku nyumbani Wifi aliweka pazia juu ya ule ukuta kwa ajili ya wageni. Wageni wakiondoka, Dereva husema, "Fungua." Meya haingii mle bila kuinamisha kichwa, mlima ule unamfanya ajione mrefu.

Dada Brashi alirudi mara ya kwanza mvua zilipokatika. Nilikuwapo, nilikwenda kuazima ngazi. Alimgeuza baba kwanza, Wifi akamwachia. Kisha akafungua kopo la kijivu, akapiga magoti mbele ya ule mkanda mtupu, akaanza kutoka mwisho wa kushoto: mstari mwembamba, kona ya kwanza, kisha kona ya pili.

Dereva alikuwa amejiinua kwa kiwiko, jasho linamtoka.

"Hiyo ndiyo Kona ya Mkwe?"

"Ndiyo."

"Umeipita ukiwa umelala wewe. Imekata kulia zaidi. Zaidi. Na mkanda wenyewe umenyooka hivi, milima gani ina barabara iliyonyooka hivi?"

"Baba, tulia. Nafuata nilivyoona."

"Umeona mara mbili tu, mama. Kwenda na kurudi. Mimi nimeiona maisha yangu yote."

Dada Brashi akafuta kwa kitambaa, akachora tena, kulia zaidi. Barabara ilifika kwenye Kona ya Sabuni, ikakomea hapo, maana siku alizopewa zilikwisha na pikapu ikapiga honi.